Kanuni ya Chumba cha Nyuma

Hodi ya tatu ndiyo iliyojibiwa.

Mwanatumu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo, nyuma ya nyumba ya mdogo wake Famau, kipimo mkononi, akibisha kwa sababu sheria ilimtaka abishe. Hakutarajia jibu. Hodi ya kwanza aliitoa kama mtu anayesafisha koo. Ya pili aliitoa huku akitazama mawingu. Ya tatu ikapokewa kutoka ndani na sauti aliyoifahamu kabla hajaifahamu nyingine yoyote duniani.

"Karibu. Sukuma, haukukomewa."

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Sheria ya hodi ilikuwa ya wazee wa Shungi Juu. Mji ulipoanza kujengwa, wakaguzi waliingia vyumbani na vipimo vyao kama watu wanaoingia shambani. Wakawakuta wanawake wanaoga, wakawakuta wagonjwa wamelala. Wazee wakaghadhibika. Wakaamua kwamba mkaguzi atapiga hodi tatu katika kila mlango wa kila nyumba, uwe wa sebule au wa banda la kuku, na kipimo kisifunguke mpaka kisikie hodi zote. Vijana wa ofisini waliicheka sheria hiyo. Mwanatumu hakuicheka. Aliona kwamba mtu aliyezoea kuwabishia kuku hodi hatasahau kumbishia binadamu.

Ukaguzi wa kwanza wa mtaa huu ulifanywa nyumba zikiwa tupu. Huu ulikuwa wa pili, watu wakiwa wamekwisha kuhamia, na mvua za masika zikiwa njiani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kubisha kwenye stoo yenye mtu.

Akasukuma mlango. Chumba hakikuwa na dirisha. Mwanga wote uliokuwemo ni ule alioingia nao. Bi Somoe alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba, tasbihi mkononi, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Mama! Unafanya nini humu?"

"Nimekaa. Na wewe unafanya nini?"

"Nakagua."

"Basi kagua. Ukimaliza nipe hicho kikombe."

Mwanatumu akampa kikombe. "Famau ndiye aliyekuweka humu?"

"Usimsingizie mwenzio. Famau alinipa chumba cha juu, kina madirisha mawili. Mkewe akanitandikia mpaka mto wa sufi."

"Sasa?"

Bi Somoe alikunywa chai yake kwanza. "Siku tuliyohamia niliingia kwa mlango mkubwa, nikapita sebule, nikapita ukumbi. Miguu ikanileta hapa. Nilipofika nikajua, pangu ni hapa. Bibi yangu alilala chumba hiki."

"Bibi yako alikufa Shungi ya zamani, mama. Nyumba hii haijamaliza mwaka."

"Najua. Sijachakaa akili. Nakwambia alilala chumba hiki." Akagonga ukuta wa kushoto kwa kifundo cha kidole. "Huku choo. Juu ya kichwa ngazi, umsikie kila anayepanda na kushuka, ili akikuita asikuite mara mbili. Dirisha hakuna, usije ukatazama njia. Na komeo liko wapi?"

Mwanatumu akageuka kuutazama mlango. Komeo lilikuwa upande wa nje.

"Bibi yangu alikuwa mtumishi wa nyumba ya Shungi ya zamani," alisema Bi Somoe. "Bibi yake yeye alikuwa mtumwa wa nyumba ile ile. Utumwa walikuja kuufuta. Chumba hawakukifuta."

Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza barabara ya kwenda sokoni. Kisha akarudia tasbihi yake.

*

Nyumba za Shungi Juu hazikuchorwa na mtu. Zilikuzwa.

Bahari ilipokuwa inaumeza mji wa zamani, wataalamu waliwahi kuzipima nyumba zake za mawe kabla maji hayajafika kwenye vizingiti. Vipimo hivyo wakaipa mashine, nayo ikatafuta desturi iliyokuwa imejificha ndani yake: ukuta gani huzaa ukuta gani, chumba gani hufuata chumba gani. Desturi hiyo waliiita Sarufi. Ilikuwa na kanuni chache, na kila kanuni ilikuwa na pande mbili. Upande wa kushoto kulikuwa na umbo lililopo; upande wa kulia, umbo litakaloshika nafasi yake. Ukiona hili, weka lile. Mashine za udongo zilianza na mlango mkubwa, zikafuata kanuni moja baada ya nyingine, na kila kanuni iliacha alama nyekundu kuonyesha mahali kanuni inayofuata ianzie kazi. Nyumba mbili hazikufanana, na zote zilikuwa za Shungi. Wazee walipoiona ya kwanza walilia. Mmoja alisema amerudishiwa mji wake kama Ayubu alivyorudishiwa watoto.

Siku ile, baada ya nyumba ya mdogo wake, Mwanatumu alimaliza mtaa mzima. Katika nyumba ya pili stoo haikujibu. Ilikuwa na magunia ya mkaa. Katika ya tatu alijibu msichana wa kazi. Katika ya nne alijibu mzee aliyepooza upande mmoja, shemeji wa mwenye nyumba. Katika nyumba nyingine jibu halikuja, lakini mtu alikohoa.

Alirudi ofisini akamkuta Lali, fundi wa Sarufi, anakula muhogo juu ya meza ya mwanga, ile meza ambayo nyumba hukuzwa kwa picha kabla ya kukuzwa kwa udongo.

"Lali, nionyeshe stoo inavyozaliwa."

"Salamu zangu ziko wapi, Bi Mwanatumu?"

"Salaam aleikum. Nionyeshe stoo."

Lali alipangusa mikono, akaamsha meza. Mlango mkubwa ukatokea, sebule ikaota nyuma yake, ukumbi, kisha choo. Penye ukuta wa choo alama nyekundu ikawaka. Kanuni ya kumi na saba ikaamka: penye ukuta wa choo na alama, ongeza chumba kidogo kisicho na tundu. Chumba kikaota. Alama ikapanda juu ya ukuta wake wa ndani, na hapo hapo kanuni iliyofuata ikasimamisha ngazi.

"Unajua kile ni chumba cha nani?" aliuliza Mwanatumu.

"Stoo."

"Stoo ni jina tuliloliandika sisi. Ile ya asili ilikuwa ya mtumwa."

Lali alitafuna polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu. "Inawezekana. Lakini Sarufi haijui watumwa, Bi Mwanatumu. Inajua pembe."

"Ifute kanuni hiyo."

"Tazama mwenyewe." Akaifuta. Nyumba ikaota tena, sebule, ukumbi, choo, ikafika hapo ikasimama. Alama nyekundu ikabaki inawaka ukutani bila wa kuipokea. "Umeona? Hakuna chumba, hakuna mahali pa alama kupanda. Hakuna alama, hakuna ngazi. Hakuna ngazi, hakuna ghorofa. Utakuwa umejenga nusu ya mji."

"Basi kitoboe dirisha."

"Huu ni udongo, si zege. Ngazi inasimama juu ya ule ukuta kwa sababu ni mzima. Ukiutoboa, masika ya kwanza ngazi inamlalia aliye chini. Na aliye chini ni huyo huyo unayemwonea huruma."

"Tuchore wenyewe, kwa mkono."

"Tutamaliza wajukuu wetu wakiwa na wajukuu." Akasukuma sahani ya muhogo kumwelekea. "Kula. Una njaa, ndiyo maana unaona watumwa."

Mwanatumu hakula.

*

Mwenyekiti wa mji, Mzee Shekuwe, alimpokea kambini, kwenye mahema ya wale ambao bado hawajapata nyumba. Watoto walikuwa wanachimba mitaro kuzunguka mahema kwa majembe makubwa kuliko wao, maana upepo ulikuwa umekwisha kugeuka.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha mahema.

"Hawa wote nimewaahidi ghorofa za juu. Sasa unataka niwaambie hakuna ghorofa, kwa sababu Bi Mwanatumu hapendi stoo?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Ndivyo watakavyosikia." Akashusha sauti. "Mwanangu, mimi najua chumba kile. Nyumba yetu ya Shungi ilikuwa nacho. Nilikuwa nakipita kila siku kwenda chooni, na humo alikuwemo mama mmoja tukimwita Yaya. Mpaka anakufa sikulijua jina lake." Akawatazama watoto. "Lakini mvua haina habari na dhambi za babu zangu. Inamnyeshea aliye nje. Niletee nyumba yenye ghorofa na isiyo na chumba kile, nitaitia sahihi leo hii. Bila hivyo, niache niwaingize watu ndani."

Mwanatumu aliondoka pale akiwa amebeba pande mbili za mizani, na hakuna uliokuwa mwepesi. Akiiacha kanuni, kila nyumba mpya itazaliwa na chumba kinachongoja mtu wa kudharauliwa, na mtu huyo atapatikana, kwa sababu tundu likichimbwa maji hulitafuta. Akiifuta, watoto wale watalala kwenye matope.

Asubuhi iliyofuata, jua lilipokwisha kupanda kiasi cha mkuki, aliingia katika nyumba iliyokuwa haijaezekwa, akatandika kanga yake juu ya udongo mbichi, akasali rakaa mbili za istikhara. Aliomba kwa maneno aliyofundishwa, kisha kwa maneno yake. Ewe Mola, Wewe unajua nami sijui. Kama jambo hili lina kheri, liwepesishe. Kama halina, liepushe nami na uniepushe nalo. Wala usinifanye jeuri, nikaona mimi ndiye niliyepewa mizani.

Hakuota ndoto wala hakusikia neno. Alikung'uta kanga, akajifunga, akaenda kazini. Alijua kwamba jibu la istikhara huja kama mlango: unasukuma, ukifunguka unapita.

Alipotoka alipita mlango mkubwa wa nyumba ile, akasimama kizingitini. Fremu ya mlango ilikuwa imesimama peke yake, kuta bado fupi. Kila nyumba ya Shungi Juu ilianzia hapo. Alijiuliza kanuni gani ilisema ianzie hapo. Akazihesabu zote kichwani, kwa maana alizihifadhi kama juzuu. Hakuikuta.

*

"Hakuna kanuni," alikubali Lali. "Umbo la kuanzia si kanuni. Ni pale tu unapoweka kidole. Tuliweka mlangoni kwa sababu wapimaji waliingia kwa mlango. Ungetaka waingie kwa dirisha?"

"Weka kidole penye chumba cha nyuma."

"Nyumba ianze na stoo?"

"Ianze na chumba kile. Vingine vyote vizaliwe kutoka kwake."

Lali alimtazama kama mtu anayetazama saa, kisha akafuta meza. Akaweka chumba kidogo peke yake katikati ya mwanga. Sarufi ilisita, kama punda aliyegeuzwa njia. Halafu ikaanza. Kwa kuwa chumba kilikuwa cha kwanza, kanuni zote za mlangoni zilikishika chenyewe: kikapewa mlango mpana, daka la ukutani la kukaa, dirisha upande wa upepo. Komeo likahamia ndani, kwa kuwa mlango wa mbele hukomewa kwa ndani. Ukumbi ukaota nyuma yake, kisha sebule, choo kikaota mbali. Alama nyekundu ikazunguka nyumba nzima ikitafuta ukuta mzima wa kupanda, ikaupata, ngazi ikasimama, ghorofa ikafunguka.

Lali akainamia meza.

"Ghorofa ipo," alisema Mwanatumu.

"Ipo. Lakini tazama ilikopandia." Akaweka kidole. Ngazi ilikuwa imesimama juu ya sebule. Na sebule, ili iibebe, ilikuwa imezungukwa na kuta nzima, haina dirisha hata moja. "Giza halikuondoka, Bi Mwanatumu. Limehama tu. Lazima kuta za mahali fulani zibebe."

"Naona."

"Kwa hiyo umemwondolea huyu umempa yule. Hiyo ndiyo haki?"

Mwanatumu aliitazama ile nyumba ya mwanga, akaizungusha kwa kidole mara kadhaa. Aliwafikiria watu wa Shungi anaowajua: wanaokopa sukari ili mgeni apate chai tamu, wanaolala njaa na kapeti la sebule limefagiwa.

"Chumba cha nyuma kikiwa na giza," alisema mwishowe, "watu hufunga mlango. Sebule ikiwa na giza, watawasha taa. Giza likae mahali ambapo wageni wataliona."

Lali alicheka, kisha akaacha. "Mwenye nyumba wa kwanza atakayekubali, mlete nimtazame sura."

Mzee Shekuwe naye alisema vivyo hivyo, kwa maneno ya heshima zaidi. Sahihi yake angeitoa, ila nyumba ya mfano lazima isimame kwanza na ikaliwe, na yeye hawezi kumlazimisha mtu. "Anza na kwenu," alimwambia.

*

Famau alikuwa mshoni wa kanzu. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu darizi ya shingo ya kanzu haishonwi kwa kubahatisha. Alimsikiliza dada yake sindano ikiwa mdomoni.

"Ngoja nielewe," alisema, akiitoa sindano. "Wabomoe nyumba yangu. Nirudi hemani na mke wangu na watoto, masika ndiyo haya. Halafu nirudishiwe nyumba ambayo sebule yake ni kaburi. Kosa langu nini, dada? Nilichelewa kukusalimia Idi?"

"Utashonea juu. Juu kuna mwanga."

"Na wateja wapande ngazi wakapimwe chumbani kwa mke wangu?" Akatikisa kichwa. "Mama mwenyewe alikikataa chumba cha juu. Nimfunge kamba nimpandishe?"

"Hakukikataa. Nyumba ilimwambia pake ni wapi."

"Nyumba haina mdomo."

"Komeo la mlango wake liko nje, Famau. Uliliweka wewe?"

"Mashine iliweka."

"Na wewe hukuling'oa."

Famau aliirudisha sindano kwenye kitambaa, akapiga mishono miwili mitatu. Mishono ile aliifumua baadaye, haikuwa mizuri.

"Mimi nampelekea chai mama kila asubuhi kwa mkono wangu," alisema. "Simwachii mtu. Muulize."

"Najua. Ukifika mlangoni unabisha hodi?"

"Nibishe hodi kwa nini? Ni sto..."

Neno halikumalizika. Lilibaki hewani pale sebuleni, kati ya mwanaume na kanzu yake. Mwanatumu hakumsaidia kulimaliza, wala hakumwondolea macho. Nje muuza mbaazi alipita akinadi, akaenda zake.

Famau aliinuka, akaweka kazi yake kando. Alipita ukumbi, dada yake akamfuata kwa mbali. Mbele ya mlango wa nyuma akasimama, mkono umeinuliwa, kama mtu mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

"Hodi, mama."

Kisha Bi Somoe akasema kutoka ndani, kwa wasiwasi, "Nani huyo? Kuna msiba?"

*

Nyumba iliyeyushwa siku ya pili yake. Mashine iliinyunyizia maji, udongo ukarudi kuwa udongo, ukalundikwa ungoje. Mvua ikawahi kuliko ilivyotabiriwa. Famau na watu wake walikaa hemani masika karibu yote. Majora mawili ya kitambaa cheupe yakashika ukungu, na mkewe hakumwita Mwanatumu wifi kwa muda mrefu. Bi Somoe alikohoa, akapona. Watu walipita wakacheka: wengine wanatoka kwenye hema kuingia nyumbani, Famau anatoka nyumbani kuingia kwenye hema. Yeye alishona chini ya turubai na hakujibu.

Nyumba mpya iliposimama, Mwanatumu alikwenda kuikagua pamoja nao. Udongo ulikuwa bado unanukia mvua. Kwa nje ilikuwa nyumba ya Shungi, hakuna aliyeweza kubisha. Famau aliingia sebuleni kwa mlango wa pembeni, akamezwa na giza. Wakamsikia anajigonga, anatafuta swichi ya taa kwa kupapasa.

Bi Somoe hakungojea taa. Alishika ukuta wa nje, miguu yake ikaenda kama ilivyoenda mara ya kwanza, moja kwa moja, mpaka kwenye chumba kile kidogo, sasa kikiwa mbele ya nyumba. Hapo akasimama.

Mlango ulikuwa mpana, umefunguliwa nusu. Upepo ulikuwa unapita ndani. Juu ya sakafu kulikuwa na mraba wa jua, umekaa kama mkeka. Mwanamke mzee aliutazama mraba ule. Akatazama fremu ya mlango, juu hadi chini, akitafuta komeo, akaliona kwa ndani. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka sawa mtandio wake.

"Hodi," alisema.

Chumba kilikuwa kitupu. Mwanatumu alikuwa nyuma yake, kipimo mkononi, na kipimo kilikuwa kinasikiliza. Jibu lilimfika mdomoni akalizuia. Yeye alikuwa mkaguzi. Nyumba haikuwa yake, na ukaribisho haukuwa wake wa kutoa.

"Hodi," alisema tena Bi Somoe, kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Kelele za kupapasa sebuleni zilikoma.

"Hodi."

"Karibu, mama," alijibu Famau kutoka gizani. "Pita. Ni kwako."

Kipimo kikafunguka. Bi Somoe akavua viatu, akaingia.